Jenga amplifaya yako ya kwanza: tafuta nusu ya betri kabla ufunge spika

Watu wengi wenye wanaanza elektroniki hapa Kisumu, ama huko Kakamega na Nakuru, wanaanzanga na picha ya saketi kwa simu. Wananunua kila kitu imeandikwa hapo, wanaunganisha, wanawasha, na ikikataa kulia wanatupa kwa droo basi imeisha hivyo. Inauma kuona, juu mara nyingi hiyo saketi ilibakisha waya moja tu ifanye kazi. Hakuna mtu aliwaonyesha venye amplifaya inapimwa kabla muziki iguse hapo. Kwa hivyo nitakupitisha kwa saketi tatu, kutoka ndogo hadi yenye inaeza kusikika kwa boma mzima, na kwa kila moja kuna kitu kimoja tutarudia: kabla ufunge spika, weka mita kwa autiputi, yaani penye sauti inatokea, utafute nusu ya voltaji ya betri. Ukiipata, kazi kubwa umemaliza. Ukiikosa, namba yenye umeona ndio inakuambia shida iko wapi.

Mita ndio ya kununua kwanza, hata kabla ya chuma ya kulehemu. Ile ndogo ya dijitali ya bei ya chini inatosha kabisa, utatumia sehemu tatu tu: volti za DC kwenye 20, omu, na ile alama ya daiodi. Ongeza bredibodi, ile ya plastiki yenye mashimo, ndio uunganishe na kutoa bila kuchoma kitu.

Stima ya kuanzia iwe betri. Mawe sita ndogo za AA ukizipanga zikifuatana ni volti 9, na zinadumu kuliko ile betri ya mraba ya volti 9 yenye inaonekana safi lakini ndani haina nguvu nyingi, spika ikianza kuvuta inachoka haraka. Stima ya ukuta, ile ya volti 240, achana nayo kwa sasa, na hii nasema bila mchezo.

Na kama unatoa vipande kwa vitu kuukuu, ukipita Kibuye siku ya Jumapili ama kwa mafundi wa Kondele hukosi redio imekufa ya kufungua, chukua zile redio za betri. Pawa saplai ya TV ama ya kompyuta usiiguse. Iko na kapasita kubwa imeandikwa 400V ama 450V, na stima ya 240 ikishageuzwa kuwa DC inapanda hadi kama volti 340, na hiyo kapasita inaeza kuikalia hata kama waya imetolewa kwa soketi. Hiyo si mshtuko wa kucheka nao.

Vipande vyenyewe

Rezista inapunguza karenti. Hesabu yake ni moja: voltaji gawanya kwa omu unapata karenti. Mfano taa ya LED nyekundu inakula kama volti 2, betri ni 9, zinabaki 7, ukiweka rezista ya omu 470 karenti inakuwa kama miliampu 15, taa inawaka vizuri na haichomeki. Fanya hii kwa bredibodi leo, alafu pima volti juu ya rezista na juu ya taa, ujumlishe, uone zinarudi kwa ile ya betri. Mtu akishaelewa hiyo jumla kwa mkono wake mwenyewe, hata amplifaya haimtishi.

Rangi zake ni nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sufuri, ya dhahabu mwishoni inamaanisha inaeza kupotoka asilimia 5. Kwa hivyo njano, zambarau, nyekundu ni 4700, yaani kilo omu 4.7. Lakini kahawia na nyekundu usiku kwa balbu hafifu zinafanana sana, so pima tu na mita.

Kapasita ndio yenye inasumbua watu kuelewa na ndio siri ya sauti nzuri, kwa hivyo tukae hapo kidogo. Inazuia voltaji yenye imesimama tuli na inapitisha yenye inabadilika. Muziki ni voltaji yenye inabadilika. Betri imesimama. Kwa hivyo kila mahali kwa amplifaya penye unataka muziki ipite lakini volti za betri zibaki upande wake, unaweka kapasita. Ndio maana utaiona kwa mlango wa kuingia na kwa mlango wa kutoka.

Zile ndogo za udongo zinaandikwa namba kama 104, hiyo ni 10 na sufuri nne kwa pikofaradi, yaani nanofaradi 100. 473 ni nanofaradi 47. Zile za mkebe ziko na upande: mstari wenye alama ya kutoa ndio negativu, na mguu mrefu ndio pozitivu. Ukigeuza inaeza kupata moto na kupasuka. Na kama hujui uielekeze wapi kwa saketi, pima ncha zote mbili, pozitivu inaangalia penye voltaji iko juu. Hakuna haja ya kukariri.

Daiodi inapitisha upande mmoja tu na inakula kama volti 0.7, mstari kwa mwili wake ndio mahali karenti inatokea. 1N4007 utaikuta kila duka. Tuendelee.

Transista iko na miguu tatu, besi, kolekta na emita. Karenti ndogo kwa besi inaamrisha karenti kubwa kati ya kolekta na emita. Watu husema amplifaya inakuza sauti, na hiyo inafanya mtu afikirie sauti yenyewe ya simu inavutwa inakuwa kubwa. Haivutwi. Makanga akigonga bodi ya matatu mara mbili gari inaondoka, na nguvu ya kuondoka imetoka kwa injini, mkono wake ulitoa amri tu. Sauti ya simu ndio hiyo kugonga, betri ndio injini. Ukielewa hapo utajua kwa nini betri ikichoka sauti inakuwa mbaya hata kama simu iko chaji mia.

Hii kitu ilitengenezwa Desemba 1947 kwa maabara ya Bell huko Marekani, na ndio ilifanya redio ndogo ya betri isambae mpaka vijiji penye nguzo ya stima haijawahi fika. Kabla yake redio ilikuwa ya valvu, yaani zile mirija za glasi, nzito, na inakula stima vibaya.

Tutatumia BC547. Ukiishika uso wenye ni bapa ukiwa unakuangalia na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Chunga, C1815 yenye imejaa kwa redio kuukuu imepangwa tofauti, ni emita, kolekta, besi, zinafanana kwa macho lakini miguu hapana. Kuhakikisha weka mita kwa alama ya daiodi, waya nyekundu kwa besi, nyeusi kwa mguu mmoja alafu mwingine, zote mbili zisome kama 0.6 ama 0.7. Ukiona sufuri ama haisomi kitu, hiyo imekufa. Na miguu ya vipande kuukuu vya huku karibu na ziwa inakuwanga imeshika kutu nyeusi, kwangua na wembe kwanza ama lehemu haitashika.

Saketi ya kwanza: transista moja

Kutoka pozitivu ya betri weka rezista ya kilo omu 47 hadi besi, na kutoka besi hadi graundi, yaani negativu ya betri, weka ya kilo omu 10. Kutoka pozitivu hadi kolekta weka ya kilo omu 4.7. Kutoka emita hadi graundi weka ya kilo omu 1. Rezista nne na transista, basi. Usiunganishe sauti bado.

Sasa chukua mita, waya nyeusi kwa graundi. Besi isome kama volti 1.5, juu zile mbili za kwanza zinagawana 9 na 10 ndio ndogo. Emita isome kama 0.9, yaani besi ukitoa ile 0.6 ama 0.7. Hiyo 0.9 kwa kilo omu 1 ni karibu miliampu 0.9, na hiyo karenti karibu yote inatoka kwa kolekta, ikipita 4.7 inakula kama volti 4.3. Kwa hivyo kolekta isome kati ya 4.5 na 5. Hiyo ndio nusu yetu.

Kwa nini nusu? Juu sauti inapanda na kushuka. Kolekta ikikaa katikati iko na nafasi sawa ya kwenda juu na ya kwenda chini. Ikiwa imekaa kwa 8, ikipanda kidogo tu inagonga dari ya betri, kichwa ya sauti inakatwa, na hiyo ndio ile kukwaruza unasikia kwa spika ya mhubiri penye volyumu imefunguliwa hadi mwisho.

Ukisoma 9 kamili kwa kolekta, transista imelala: besi haijashika, ama miguu imegeuzwa, ama rezista ya emita haijafika graundi. Ukisoma kitu kama 1.5 hadi 2, imefunguka kabisa, mara nyingi ni 47 na 10 zimebadilishana mahali. Besi na emita zikisoma namba moja, kuna kitu imegusana ama transista imekufa.

Ukipata nusu, ingiza sauti kwa besi kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na uitoe kwa kolekta kupitia nyingine kama hiyo. Gaini yake, yaani inakuza mara ngapi, ni rezista ya kolekta gawanya ya emita, yaani mara 4.7, ikibebeshwa mzigo inashuka kidogo. Ukitaka zaidi weka kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na rezista ya emita, yaani ncha kwa ncha kando yake, inaruka kupita mara 100, lakini pia kelele inakuja nayo.

Usifunge spika hapo. Hii saketi inacheza na karenti ya miliampu moja hivi, na spika ni omu 8, ukizidisha unapata milivolti 8 peke yake, hata mbu anakushinda. Spika inahitaji karenti, na hiyo kazi ni ya saketi ya pili. Hii ya kwanza itakuja kusaidia kwa maikrofoni.

Saketi ya pili: LM386

Ningekuambia ununue chipu moja tu maishani mwako ya kujifunzia ningesema hii. Iko na miguu nane, inakubali kutoka volti 4 hadi 12, na bila muziki inakula miliampu chache sana kwa hivyo betri inadumu.

Shika chipu kale kapengo kakiwa juu. Mguu wa 1 ni wa kushoto juu, unahesabu ukishuka hadi 4, alafu unavuka chini na kupanda upande wa kulia, 5 hadi 8. Mguu wa 6 enda pozitivu, wa 4 graundi, wa 2 pia graundi. Karibu kabisa na chipu, kati ya 6 na 4, weka kapasita ya mikrofaradi 100 na ya nanofaradi 100 pamoja. Hii watu wanaruka wakisema ni ya urembo, alafu wanalia amplifaya inapiga kelele kama boti ya injini. Weka. Kutoka mguu wa 5 weka rezista ya omu 10 ikifuatwa na ile kapasita ya 473 hadi graundi, hiyo inatuliza chipu isianze kuimba yenyewe kwa sauti ya juu yenye sikio halisikii lakini chipu inapata moto. Mguu wa 7 mikrofaradi 10 hadi graundi. Wa 1 na wa 8 wacha wazi.

Volyumu ni poti, ile rezista ya kuzungusha yenye miguu tatu, ya kilo omu 10. Mguu wa kando mmoja graundi, wa kando mwingine sauti inaingilia hapo kupitia mikrofaradi 1, na wa katikati unaenda mguu wa 3 wa chipu.

Washa. Spika bado iko kwa meza. Pima mguu wa 5: kwa betri ya 9 isome karibu na 4.5. Ikisoma hivyo, chipu ni mzima na waya zako ziko sawa kwa sehemu kubwa. Ikisoma 0, angalia kama 6 inapata 9 kweli, juu kwa bredibodi ile reli ya pembeni mara nyingi imekatika katikati na mtu hajui. Ikisoma karibu na 9 ama chipu ni ya moto kwa kidole, zima haraka, pengine umeigeuza, kale kapengo kakawa chini.

Alafu sasa spika, kupitia kapasita, pozitivu ya kapasita kwa mguu wa 5. Bila hiyo kapasita zile volti 4.5 zinaenda moja kwa moja kwa koili ya spika, inavutwa upande mmoja na kupata moto bure.

Ukubwa wa hiyo kapasita hapa ndio penye ninawaombanga watu wasikilize. Michoro mingi inasema mikrofaradi 220 ama 250. Na spika ya omu 8, 220 inaanza kukata besi ya muziki (ile sauti nzito, si mguu wa transista) kutoka kama hezi 90, yaani mitetemo 90 kwa sekunde, kuteremka. Waya nene ya gitaa la besi, ile ikiachiliwa wazi, inapiga hezi 41. Sasa wewe unacheza benga, muziki yenye besi inatembea na kuongea kama mtu, na saketi yako inakata hapo hapo penye utamu iko. Weka 470 unashuka hadi kama 42, weka 1000 unafika 20. Tofauti ya bei ni kidogo sana. Bila shaka spika ndogo ya inchi mbili haitatoa hezi 41 hata ukiibembeleza, lakini ukiwa na spika ya wufa kuukuu kwa boksi ya mbao utasikia mwenyewe.

Kwa simu gaini ya kawaida, mara 20, inatosha. Kwa maikrofoni weka mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, pozitivu kwa 1, inakuwa mara 200. Ama, na hii mimi naipenda zaidi, wacha 386 kwa 20 na uweke ile saketi ya transista mbele yake bila ile kapasita ya emita. Ka-maikrofoni kadogo ka iyafoni kuukuu kanahitaji kulishwa kupitia rezista ya kilo omu 10 kutoka kwa pozitivu, na ule mguu wenye umeshikana na mkebe wake ndio graundi.

Waya ya kutoka kwa simu unaeza kutoa kwa iyafoni zimekufa sikio moja. Zile nywele za ndani zimepakwa rangi yenye haipitishi stima, lazima uzichome na lehemu kidogo hadi ziwe silva. Usifunge kushoto na kulia pamoja moja kwa moja, pitisha kila moja kwa rezista ya kilo omu 1 alafu ziungane.

Tarajia nusu wati hivi na betri ya 9. Hiyo inatosha chumba. Ikiwa unasikia mngurumo wa chini ukishika waya ya kuingiza sauti, hiyo ni stima ya nyumba, hezi 50, inaingia kwa waya ndefu yenye haijafunikwa. Fupisha waya. Na ukisikia mluzi simu ikiwa kwa chaja na unyamavu ukiitoa, chaja ndio mbaya, saketi yako haina makosa.

Saketi ya tatu: TDA2003 na betri ya pikipiki

Hapa ndio unafika kwa kitu ya kutumia nje, kwa shamba penye kuna sola na betri ya 12. TDA2003 ilitengenezewa redio za gari, inakubali volti 8 hadi 18, kwa hivyo hata betri ikiwa inachajiwa kwa 14.4 haina neno. Iko na miguu tano: 1 sauti inaingia, 2 ni ya kurudisha, 3 graundi, 4 autiputi, 5 pozitivu. Kwa hii ningesema nunua boodi yenye imechapwa tayari, juu karenti ni kubwa na waya za bredibodi hazifai. Gaini inapangwa na rezista mbili, ya omu 220 na ya omu 2.2, zinatoa karibu mara 100, na kapasita ya spika ni mikrofaradi 1000.

Betri ya asidi si kama mawe. Waya zikigusana inatoa karenti ya kuyeyusha plastiki na kuwasha nyumba, so weka fyuzi ya ampu 3 karibu na mguu wa pozitivu wa betri, karibu na betri yenyewe, si karibu na boodi.

Chipu ifungwe kwa hitisinki, ile chuma ya kutoa joto, kabla ya kuwasha hata mara moja. Mgongo wake wa chuma umeunganishwa na mguu wa 3, ambao ni graundi, kwa hivyo unaeza kuifunga moja kwa moja kwa sahani ya aluminiamu bila kuweka plastiki katikati, hata boksi ya chuma ikiwa graundi. Chipu zingine haziko hivyo, angalia kila mara.

Pima mguu wa 4 bila spika. Betri ikiwa 12.6 utarajie sita na kitu. Ukipata 0 ama 12, usifunge spika, rudi kwa lehemu zako, tafuta yenye imetandaza kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hiyo miguu imekaribiana sana. Ukipata sita, funga spika ya omu 4 na utapata kama wati tatu, na wati tatu kwa spika kubwa yenye iko kwa boksi nzuri ni sauti ya boma mzima. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa 4, hiyo ni sawa. Mbili za 4 zikifungwa sambamba zinakuwa 2, chipu itavumilia kwa karatasi lakini joto litakusumbua. Mita kwa omu inasoma chini kidogo ya yenye imeandikwa, ya 8 itasoma 6 ama 7, ya 4 itasoma 3 na kitu, usiirudishe dukani.

Zile boodi ndogo za volti 5 za PAM8403 zenye watu wanafunga kwa pawabanki ni nzuri na hazipati moto sana, lakini negativu ya spika kwa hizo si graundi. Kila spika iko na waya mbili zenye zote zinasukuma. Ukiunganisha negativu za spika mbili pamoja, ama kwa graundi, unaeza kuua boodi.

Ile ya 2003 icheze dakika kumi kwa sauti yenye utatumia kweli, alafu shika hitisinki. Ukiweza kuiachia kidole bila kutoa, funga kifuniko, ukitoboa mashimo juu na chini ndio hewa ipite. Ukishindwa kuigusa, ongeza aluminiamu kabla hujafunga chochote.